Jicho la Kuazima

Mama Gladwell, jirani wa ng'ambo ya ua, anadai mambo yalikwenda hivi. Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi, umande umeshakauka kwenye sukuma wiki, na yeye yuko nje anaanika nguo. Akamwona msichana amesimama kwenye geti la Baba Wahome, kitambaa kichwani, viatu vya plastiki miguuni, bahasha ameikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Hakugonga. Alisimama tu. Na yule mbwa wa Baba Wahome, ambaye hubweka hata mwenye nyumba akibadilisha koti, alimwendea, akamnusa vidole, akalala miguuni pake.

"Hapo ndipo nikaacha kuanika," alisema Mama Gladwell.

Msichana akapiga hodi kwa sauti ndogo. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu sauti ya mwanamume ikajibu kutoka kile chumba cha pembeni, chumba cha magazeti, na dirisha lake limefungwa: "Hayuko. Ameenda korti. Weka hapo chini ya jiwe, harafu urudi Alhamisi."

"Ikasema harafu," Mama Gladwell alirudia, akiinua kidole. "Si halafu. Harafu, kama mtu wa kule Chwele. Na wewe Baba Wahome uko Bungoma, na Mama Wahome ako kwa maombi ya wamama, na kufuli iko mlangoni, nimeiona mwenyewe. Sasa uniambie huyo mwanamume ni nani."

"Ni redio, Mama Gladwell."

"Redio gani hiyo inajua wewe uko korti?"

Kang'ethe, ndiye Baba Wahome mwenyewe, alicheka, maana jirani akishaanza ni heri kucheka. Lakini alipoinama getini na kuinua jiwe, bahasha ilikuwako. Ndani yake mlikuwa na kipande cha gazeti kilichokatwa kwa wembe, kimegeuka rangi ya chai, mikunjo yake imechakaa kwa kufunguliwa mara nyingi. Mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na nane. Habari yenyewe ilikuwa aya nne tu: mwenye duka wa Naitiri amemtambua mbele ya mahakama kijana aliyeongoza genge lililomvamia na kumkatakata mumewe kwa panga. Juu yake kulikuwa na jina la mwandishi, na jina hilo lilikuwa lake. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi za darasa la nane zilizosimama wima kama wanafunzi gwarideni: Nitarudi Alhamisi. Mimi ni dada yake.

Jioni ile Kang'ethe hakuingia chumba cha magazeti. Alimwambia mkewe, Gathoni, kwamba macho yanamwuma.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo alikuwa ameimalizia kwenye mabenchi ya mahakama. Mahakimu walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki. Makarani walistaafu, wakazikwa, watoto wao wakaajiriwa, naye bado yuko pale mstari wa pili upande wa dirisha, daftari gotini, miguu mirefu imekunjwa chini ya benchi. Mwaka uliopita, serikali mpya ilipoamua kusafisha mahakama, majaji na mahakimu wakatajwa majina magazetini na kutumwa nyumbani, simu yake haikupoa. Wahariri wa Nairobi walitaka kujua: huyu alikuwaje, yule aliwahi kufanya nini. Aliandika makala sita mfululizo. Ile iliyosifiwa kuliko zote ilihusu mafaili yanayopotea. Aliandika kwamba anayepoteza faili la mtu amemzika mtu huyo akiwa hai. Mchungaji aliisoma sentensi hiyo kanisani, Gathoni akavaa kitambaa kipya Jumapili iliyofuata.

Alhamisi, saa nne, mbwa hakubweka. Kang'ethe alichungulia, akamwona msichana ameshasimama getini, akaenda kumfungulia.

Gathoni alimkaribisha, akamwekea chai na vipande vya nduma. Msichana aliketi ukingoni mwa kiti, akamshukuru, asinywe. Alikuwa na miaka ishirini au pungufu. Macho yake hayakuzunguka kama ya mgeni. Yalitua mahali, yakakaa.

"Mzee, mimi naitwa Nabwile. Natoka Naitiri. Mukhisa ni ndugu yangu. Yeye ndiye wa kwanza kwetu, mimi ndiye kitinda mimba."

"Mukhisa yupi?"

"Huyo wa gazeti."

Akaeleza bila haraka, kama mtu aliyelieleza jambo hilo ofisi nyingi. Mukhisa alihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu. Watu huambiwa siku hizi hakuna anayenyongwa, lakini huyo anayeambiwa hivyo halali katika chumba cha wanaongoja. Rufaa yake iko Mahakama Kuu ya Bungoma, na sasa imefika mbele ya jaji, na faili hakuna. Kesi ilisikizwa katika Korti ya Mabati, ile korti ndogo ya mashambani ambayo hakimu alikuwa akiijia mara mbili kwa juma na ambayo leo ni ghala la mahindi. Ilipofungwa, mafaili yalipakiwa kwenye magunia, magunia kwenye lori, na gunia moja halikufika lilikotumwa.

Kang'ethe hakuhitaji kuelezwa zaidi. Katika korti zile kila neno huandikwa na hakimu kwa mkono wake, hakuna mashine ya kunasa sauti wala mtu mwingine wa kuandika. Karatasi za hakimu zikipotea, kesi huwa kama haikusikizwa kamwe, lakini hukumu hubaki, kwa sababu nakala yake iko gerezani pamoja na mfungwa.

"Hiyo hukumu ni ukurasa mmoja tu," Nabwile alisema. "Imeandikwa ati yule mama alimtambua. Basi. Na yule mama amekufa. Jaji amesema kama kuna mtu yeyote ana maandishi ya siku hiyo, alete kwa kiapo Jumanne ijayo. Kama hakuna, ataamua na hiyo karatasi moja."

"Na wakili?"

"Korti imetupatia mmoja, kijana, anaitwa Kimaiyo. Ni yeye aliniambia, tafuta mwandishi wa gazeti. Ati waandishi hawatupi daftari."

Ni kweli hakuwahi kutupa. Aliingia chumba cha pembeni, chumba alichokikwepa tangu Jumanne, na harufu ya karatasi kuukuu ikampokea. Madaftari yalipangwa ndani ya masanduku ya majani chai, mwaka kwa mwaka. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa misumari tangu mvua ya masika. Redio ilikuwa rafuni, mgongo wazi, haina betri hata moja.

Akalipata daftari la Novemba tisini na nane. Akarudi sebuleni, akavaa miwani, akafungua ukurasa. Maandishi yalikuwa ya hati mkato, mikwaruzo na vitanzi ambavyo hata Gathoni, miaka yote hiyo, huviita nyayo za kuku. Akaanza kusoma kwa sauti, akitafsiri vitanzi kuwa maneno. Ushahidi wa yule mama mwenye duka. Saa ngapi, watu wangapi, panga, damu ya mumewe kwenye mizani. "Ninamwona hapa kortini. Ni huyu." Kisha chini, nusu ukurasa ambao Kang'ethe hakuwa ameutazama tena tangu siku ulipoandikwa. Mshtakiwa, ambaye hana wakili, anauliza maswali.

"Mama, uliniona uso?"

"Nilikuona."

"Taa ilikuwa wapi?"

"Taa mliizima mlipoingia."

"Sasa uliniona na nini?"

"Polisi walinionyesha wewe kituoni asubuhi. Wakaniambia ndiye huyu."

Hakimu: una swali lingine?

Mshtakiwa: sina.

Kang'ethe alijua, kama ambavyo mtu yeyote aliyekaa kortini miaka thelathini angejua, kwamba maneno yale yalitosha kumtoa mtu kizimbani akarudi kwao kwa miguu. Na Mukhisa hakujua kwamba ameshinda. Alisema sina, akakaa chini. Nusu ukurasa huo haukufika kwenye ile karatasi ya hukumu, na haukufika gazetini.

Nabwile hakulia. Alipokuwa akisomewa alikuwa akitikisa kichwa kidogo kwa kila jibu, taratibu, kama mama anayehakikisha hesabu ya vifaranga jioni.

"Ni hivyo," alisema. "Utakuja Jumanne?"

Kidole gumba cha Kang'ethe kilikuwa kimelala juu ya pembe ya ukurasa. Hakukumbuka kukiweka pale. Chini ya kidole hicho kulikuwa na herufi moja iliyozungushiwa duara: W.

"Nitakuja," alisema.

Akamsindikiza hadi getini. Mbwa aliwafuata, mkia chini.

"Ile Jumanne ulipopiga hodi," alimwuliza, akijifanya analitazama jiwe, "nani alikujibu?"

"Yule mzee wa ndani. Si ni ndugu yako?"

"Alikuwa anasemaje, kwa lafudhi?"

Nabwile alimtazama kwa mshangao mdogo. "Kama sisi," alisema.

Ile W ilikuwa ya Wekoye.

Waandishi wa korti wa pande zile, wakati huo, walikuwa wawili tu wa kutegemewa: Kang'ethe wa Kitale na Wekoye wa Bungoma, kila mmoja na gazeti lake. Mahakama ni nyingi na mtu ni mmoja, kwa hivyo walikuwa na desturi yao ambayo hawakumweleza mhariri yeyote. Waliiita kuazimana jicho. Wewe keti huku, mimi niketi kule, jioni tupigiane simu. Mmoja anasoma daftari lake kwenye waya, mwingine anaandika kwa hati mkato neno kwa neno, na kesho yake kila gazeti lina habari mbili na kila habari ina jina la mwandishi wa gazeti hilo, shahidi aliiambia mahakama, mshtakiwa alidondosha machozi, kana kwamba wote walikuwako. Kang'ethe alikuwa na adabu ya kuweka herufi ile pembeni, ili asije akajidanganya mwenyewe. Na Wekoye hakuwahi kumwazima jicho bovu. Alikuwa mtu mfupi wa kofia ya manyoya, mwenye masikio ambayo mawakili waliyaogopa, na akisoma daftari lake kwenye simu alikuwa akiiga sauti za watu, mama awe mama, hakimu awe hakimu.

Siku ya kesi ya Mukhisa ilikuwa zamu ya Kang'ethe. Korti ya Mabati ilikuwa upande wake. Lakini ilikuwa Novemba, na nani asiyeijua Novemba ya Trans-Nzoia. Mahindi yalikuwa yamelundikwa uani chini ya turubai, wingu jeusi limekaa juu ya Mlima Elgon siku tatu, na mashine ya kupukuchua ilikuwa inazunguka boma hadi boma kwa zamu. Zamu ya boma lake iliangukia asubuhi ile ile. Ukikosa zamu, unangoja juma zima, na mahindi yanaota ndani ya gunia. Akampigia Wekoye: ndugu yangu, niazime jicho leo. Siku nzima alikuwa kwenye vumbi la makapi, masikio yamezibwa na mngurumo, na jioni, akiwa bado na vumbi kope zote, akapiga simu na kuandika alichosomewa.

Na Wekoye alipomaliza alisema, "Harafu, Kang'ethe, hiyo ya mwisho usiiache. Hiyo ya taa. Mimi wahariri wangu wa Nairobi hawataki kesi hii, wamejaa siasa. Wewe iweke."

"Nitaiweka," Kang'ethe alisema.

Mhariri akampa aya nne. Maswali ya mshtakiwa asiye na wakili, magazeti ya wakati huo hayakuwa na nafasi nayo. Waandishi wengi walikuwa wakienda kunywa chai maswali hayo yakianza. Akaiweka ya kwanza, ile ya kutambuliwa, ya mwisho akaiacha, akaenda kuoga.

Wekoye alifariki mwaka wa elfu mbili na mbili, kifua. Kang'ethe alikwenda mazishini, akasoma risala ya wanahabari, watu wakalia.

Jumamosi alikwenda Chwele kumtafuta mjane wa Wekoye. Alijiambia njia nzima kwamba iko njia. Daftari la Wekoye mwenyewe, la mtu aliyekuwa kortini kwa mwili wake, mjane analiapia kwamba ni la mumewe na mwandiko ni wake, na jina la Kang'ethe halihitaji kusema uongo. Alimkuta Rispah pembeni mwa soko, mbele ya karai la njugu za kukaanga.

"Shemeji," Rispah alisema bila kusimama. "Leo mvua itanyesha. Wewe kuja Chwere na miguu yako?"

Akampisha kwenye kigoda. Wakaulizana habari za watoto, za mahindi, za goti. Kisha Kang'ethe akauliza juu ya madaftari.

Rispah alichukua kipande cha karatasi kutoka rundo lililokuwa chini ya jiwe, akakizungusha kwenye kidole kikawa pembe, akamimina njugu, akakunja mdomo wa pembe, akampa. "Kura kwanza."

Karatasi ilikuwa na nyayo za kuku. Kang'ethe aliifungua polepole, njugu zikimwagika gotini. Alisoma mstari mmoja. Kesi ya ng'ombe wa wizi, Kimilili, mwaka wa tisini na sita, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja.

"Yote?" aliuliza.

"Hiyo ndiyo gunia ya mwisho. Ungekuja mwaka jana." Akamtazama. "Usinikasirikie, shemeji. Mlisema kwa risala ati ameacha hazina. Nikangoja mje mchukue hiyo hazina. Nikangoja. Watoto wakataka kura. Sasa Chwere yote imekura korti ya Bungoma na chumvi."

Alicheka kidogo, na Kang'ethe akajaribu kucheka naye, ikakataa. Waliinamia rundo lile pamoja, wakageuza kila kipande, Rispah ambaye hajui hati mkato akimpa vipande mkononi kimoja kimoja kama anayechambua mchele. Tisini na sita. Tisini na tano. Tisini na saba, nusu. Tisini na nane haikuwako.

"Ni kesi gani hiyo?" Rispah aliuliza.

"Ya kijana wa Naitiri. Mukhisa."

Mikono ya mjane ikasimama juu ya karai.

"Ya taa," alisema.

"Alikwambia?"

"Siku hiyo hakukura. Alikaa hapo mrangoni na kofia yake, akasema, Mama, yule kijana ameshinda na hakuna mtu amemwambia. Basi akasema si neno, Kang'ethe ataandika." Akachukua mwiko, akageuza njugu ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. "Harafu alipokufa akaanza kuja. Kwa ndoto, shemeji, usinitazame hivyo. Haombi chakura, haombi nguo. Anasimama tu anauriza kitu moja: Kang'ethe ariandika ire ya mwisho? Namwambia mimi sisomi gazeti, enda umwurize mwenyewe. Miaka miwiri hivyo. Sasa mwezi huu hajakuja hata mara moja. Nikasema, ah, amepumzika."

Kang'ethe aliikunja ile karatasi ya ng'ombe mwekundu, akaitia mfukoni. Alishukuru, akaaga, akasahau kofia yake kwenye kigoda, na Rispah hakumwita.

Jumapili na Jumatatu hakulala vizuri, na mchana akiketi peke yake sebuleni alikuwa akigeuza uso kuelekea mlango wa chumba cha pembeni kabla hajajua kwa nini. Gathoni alimwuliza mara moja tu.

"Ni kazi?"

"Ni kazi."

"Kazi haijawahi kukufanya ukae ukitazama mlango."

Jumanne alifika Bungoma mapema. Ofisi ya wakili Kimaiyo ilikuwa chumba kimoja ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani, meza, viti vitatu, dirisha lililotazama ngazi za korti. Nabwile alikuwa ameshafika, amesimama dirishani, mgongo ukutani. Kiapo kilikuwa kimeshapigwa chapa. Kimaiyo, kijana wa tai nyembamba, alikisukuma mezani.

"Mzee, ni heshima. Chuoni tulikuwa tunasoma hizo makala zako. Soma, ukiridhika weka sahihi mbele yangu. Nimeomba muda, lakini jaji anaenda haraka leo."

Kang'ethe alisoma. Kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Kwamba mimi ni mwandishi wa habari za mahakama kwa miaka thelathini. Kwamba tarehe iliyotajwa nilikuwepo katika mahakama hiyo na niliyasikia kwa masikio yangu maneno yafuatayo. Kisha taa, kisha polisi, kisha una swali lingine.

Aliivua miwani.

"Hii ya tatu," alisema. "Tunaweza kuiandika namna nyingine?"

"Namna gani?"

"Kwamba niliambiwa. Kwa simu, jioni ile ile, na mwenzangu aliyekuwako. Nikaandika neno kwa neno."

Kimaiyo alitazama daftari, akatazama mlango, akarudi kwa Kang'ethe kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Huyo mwenzako anaweza kuja leo?"

"Alishafariki."

"Ana daftari?"

"Alikuwa nalo."

"Mzee," Kimaiyo alisema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, "hiyo wakili wa serikali ataitupa kabla sijakaa. Mtu aliambiwa na marehemu. Hiyo si ushahidi, hiyo ni hadithi. Jaji atarudi kwa karatasi moja, na karatasi inasema ametambuliwa. Kijana anarudi ndani na sasa hana mlango mwingine." Akajipangusa paji la uso. "Na mimi siwezi kukuambia uandike uwongo. Ukiulizwa pale ulikuwa umeketi wapi, mvua ilinyesha ama haikunyesha, na ujikwae, ni jela, mzee, kwa umri wako. Na kila hakimu uliyemwandika mwaka jana atakuja kukutazama ukiingia. Unaelewa? Mimi natoka nje dakika kidogo. Sijasikia haya maneno."

Akatoka, akaurudisha mlango.

Kalamu ilikuwa juu ya kiapo. Kang'ethe aliketi akiitazama. Miaka thelathini alikuwa akiketi mkabala na watu wanaoinua Biblia, akijua kabla hawajafungua kinywa nani anakuja kusema uongo, kwa jinsi wanavyoishika. Alitazama mkono wake mwenyewe.

"Nilitaka kukuambia pole pole," Nabwile alisema kutoka dirishani. "Lakini muda umeisha."

"Nini?"

"Najua hukuwako."

Hakugeuka. Alikuwa bado akizitazama ngazi za korti.

"Ile siku nilikuwa darasa la saba. Nilitoroka shule, nikaenda Korti ya Mabati, askari akanifukuza, watoto hawaingii. Nikasimama nje kwa dirisha, juu ya jiwe. Niliona benchi yote. Mwandishi alikuwa mmoja, mfupi, amevaa kofia ya manyoya, hata hakimu akamwambia atoe, akatoa, akairudisha. Wewe ni mrefu. Ulipofungua geti yako ile Alhamisi nikajua si wewe."

"Na bado ukaniomba."

"Jina kwa gazeti ni lako." Aliyasema bila uchungu, kama anayetaja siku ya soko. "Hiyo karatasi walibandika kwa duka Naitiri. Mama yangu aliacha kwenda kanisa. Watu walikuwa wakipita kwetu wanasoma kwa kichwa, Kang'ethe amesema, Kang'ethe amesema. Mimi nikawa nawaambia, taa ilikuwa imezimwa, yule mama amekubali mwenyewe, nimesikia. Nikaambiwa, nyamaza, wewe ni mtoto. Juzi wakili akasema hata nikiapa, dada ni dada, nitasema tu ya kumsaidia ndugu yangu. Kwa hivyo masikio iko, na haifai. Na jina iko, na haikusikia."

Nje, ng'ambo ya barabara, karani alitokea juu ya ngazi na karatasi mkononi. Watu waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakaanza kusimama.

"Yule mzee wa kofia," Kang'ethe alisema, "alikuwa rafiki yangu. Niliazima jicho lake."

"Basi azima langu."

Sasa aligeuka. Alikuja hadi mezani, akaweka vidole viwili juu ya kiapo, si kwenye nafasi ya sahihi, pembeni yake, mahali ambapo Kang'ethe angeweka herufi.

"Niulize chochote. Mvua haikunyesha. Ulikuwa umeketi benchi ya mbele, mwisho, karibu na mlango. Mama alikuwa na lesho ya njano, alilia mara mbili, hiyo ya taa hakulia. Ndugu yangu aliposema sina, alikuangalia, ni kama alikuwa anakuuliza kama amesema vizuri. Yote ni kweli. Ni mtu tu ndiye si yeye. Weka jina lako, baba."

Kang'ethe aliishika kalamu. Chumba kilikuwa na viti vitatu, na cha tatu, kile cha Kimaiyo, kilikuwa kimesogezwa nyuma kidogo kutoka mezani, kama kinavyosogezwa na mtu anayeketi ili asikilize. Hakukumbuka kama wakili alikiacha hivyo.

Juu ya ngazi karani aliita jina la Mukhisa mara ya kwanza. Kisha akaliita mara ya pili.